Kibali cha Mfalme Kina Mwisho: Somo Kutoka kwa Khaw Soo Cheang wa Ranong

Wafanyabiashara wengi wanaosoma ukurasa huu wanaishi kwa karatasi. Mmoja ameshinda zabuni ya kukusanya ushuru, mwingine ana leseni ya uwakala, wa tatu ana kitalu cha machimbo, na wa nne amenunua hisa za kampuni ambayo faida yake yote inatokana na kibali kimoja cha serikali. Karatasi hizo ni mali, tena ni mali nzuri. Ila zina kasoro moja: aliyezitoa anaweza kuzichukua.

Swali la kujiuliza ni hili. Mtu akipata kibali chenye faida, ana muda gani wa kukigeuza kuwa mali ambayo hakuna ofisa anayeweza kuifuta? Na akichelewa, anapoteza nini?

Kujibu swali hilo wiki hii tunakwenda kusini mwa Thailand, nchi ambayo zamani ikiitwa Siam. Huko tutamwangalia mhamiaji mmoja kutoka China, Khaw Soo Cheang, aliyeanza kwa kulima mboga akaishia kuwa gavana, na ambaye kizazi chake hadi leo kinatumia jina la ukoo la Na Ranong. Habari zake husimuliwa kama hadithi ya maskini aliyepata. Sisi tutazisoma kama daftari la hesabu.

MTU NA MAHALI

Khaw Soo Cheang alizaliwa mwaka 1797 katika eneo la Zhangzhou, jimbo la Fujian, kusini mwa China. Alikuwa bado kijana alipovuka bahari kwenda Penang, kisiwa ambacho Waingereza walikuwa wamekishika tangu 1786 na kukifanya bandari huria. Hakuwa na mtaji. Alilima mboga na kuuza, akaweka akiba, kisha akaanza kufanya biashara ya kwenda na kurudi na miji ya pwani ya magharibi ya Siam, kama vile Takua Pa na Phang Nga.

Hatua hiyo ya pili ndiyo iliyomtoa. Penang ilikuwa imejaa wafanyabiashara wa Kichina waliomtangulia, wenye fedha na ndugu wengi. Lakini pwani ya Siam ilikuwa na kitu kimoja ambacho Penang ilikihitaji sana: madini ya bati. Hapa hatuzungumzii mabati ya kuezekea nyumba. Ni chuma laini cheupe kinachotumika kulehemu, na kupaka mabamba ya chuma yasishike kutu. Kadiri viwanda vya Ulaya na Marekani vilivyokua katika karne ya 19, ndivyo mahitaji ya bati yalivyopanda.

Madini yalikuwepo Ranong. Mji huo uko upande wa Bahari ya Andaman, ng'ambo ya mto kutoka Burma. Kutoka Ranong kwenda Bangkok kwa mfalme ilibidi kuvuka milima na misitu hadi pwani ya mashariki, kisha kupanda meli. Kwenda Penang ilikuwa ni kupakia chombo na kufuata pwani. Kwa hiyo mji ulikuwa wa mfalme wa Siam, lakini soko lake lilikuwa Penang. Khaw aliielewa tofauti hiyo, na utajiri wake wote ulijengwa juu yake.

KUKODISHA KODI

Mwaka 1844, enzi za Mfalme Rama wa Tatu, Khaw alipewa haki ya kukusanya kodi ya bati katika Ranong. Utaratibu huo ni wa kukodisha kodi. Wasomaji wa pwani yetu wanaufahamu, kwa sababu katika karne hiyo hiyo forodha ya Zanzibar nayo ilikuwa ikikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi.

Unavyofanya kazi ni rahisi. Serikali haina makarani wa kutosha, haina barabara, na inahitaji fedha za uhakika. Mfanyabiashara anaahidi kulipa kiasi maalum kila mwaka. Akishalipa, chochote anachokusanya zaidi ni chake, na akikusanya pungufu hasara ni yake.

Tuchukue mfano wa namba za kubuni. Tuseme Khaw ameahidi kulipa 1,000 kwa mwaka. Mwaka mzuri akikusanya 1,300, faida yake ni 300. Bei ya bati ikianguka, wachimbaji wakapungua, akakusanya 800, bado mfalme anadai 1,000 yake. Hasara ni 200 na inatoka mfukoni mwake.

Kwa hiyo usidhani mwenye kibali cha namna hii anakaa kivulini na kupokea. Yeye ndiye aliyebeba hatari ya bei. Mfalme amemuuzia hatari hiyo.

Nani basi angekubali biashara kama hiyo? Ni yule mwenye njia nyingine za kuziba pengo. Khaw alikuwa nazo.

FAIDA ILIKUWA DUKANI

Machimbo ya Ranong yalichimbwa kwa jembe na vikapu na vibarua walioletwa kutoka China. Kibarua alifika akiwa na deni la nauli. Alihitaji mchele, nguo na zana, na baada ya kazi alitafuta pombe, kamari na afyuni. Vitu hivyo vilipita kwa wale wale waliomwajiri au waliokodi haki ya kuviuza. Kodi za afyuni, pombe na kamari nazo zilikodishwa kama ile ya bati, na zilikwenda pamoja.

Hesabu ikawa hivi. Mshahara ulitoka kwa mkono wa kulia ukarudi kwa mkono wa kushoto. Bati lilipopanda bei, faida ilipatikana kwenye bati. Liliposhuka, mchele na afyuni viliendelea kununuliwa. Mwenye kibali aliyeshika kodi, duka na chombo cha kusafirisha hakuwa akitegemea mlango mmoja.

Tusilifunike jambo hili. Sehemu kubwa ya utajiri wa matajiri wa bati wa enzi hizo, na si wa akina Khaw peke yao, ilitoka katika afyuni na madeni ya vibarua. Hesabu zilisawazishwa kwa jasho la watu wasiokuwa na pa kwenda.

Watu hao hawakukaa kimya daima. Mwaka 1876, bei ya bati ikiwa imeshuka na malipo yakiwa magumu, vibarua wa Ranong waliasi, na Phuket nako kukawaka. Bangkok iliingiwa na hofu, na ilikuwa na sababu. Miaka miwili tu kabla ya hapo, mwaka 1874, Waingereza walikuwa wameingia Perak wakieleza kwamba wanakuja kutuliza vita vya makundi ya wachimbaji wa Kichina. Machafuko ya machimbo yalikuwa yamegeuka mlango wa kuingilia wakoloni. Ranong ilidhibitiwa na akina Khaw. Kuanzia hapo thamani yao kwa mfalme haikuwa kodi tu. Walikuwa wakilinda mpaka.

MGUU MMOJA HUKU, MMOJA KULE

Kufikia wakati huo mzee alikuwa amepanda cheo. Mwaka 1854 Mfalme Mongkut alimteua kuwa gavana wa Ranong. Mwaka 1862 mji huo ulifanywa jimbo linalowajibika moja kwa moja kwa Bangkok, naye akapandishwa tena hadhi. Mtu aliyekuja na jembe la bustani sasa alikuwa mkusanya kodi, mwajiri mkubwa, mfanyabiashara na mtawala, yote kwa wakati mmoja.

Siasa za biashara ya nje zilimsaidia. Mwaka 1855 Siam ilitia saini mkataba na Uingereza, unaojulikana kama mkataba wa Bowring, uliobana ushuru wa bidhaa zinazoingia usizidi asilimia 3. Mfalme alipofungwa mkono kwenye forodha, alizidi kutegemea kodi za kukodisha ndani ya nchi. Wakodishaji wakawa nguzo za hazina.

Lakini mzee hakuweka kila kitu Siam. Kampuni ya ukoo, iliyoitwa Koe Guan, ilikuwa Penang, chini ya sheria za Kiingereza. Cheo kilikuwa kwa mfalme, stoo na meli na mikopo vilikuwa bandarini. Watoto walioana na familia kubwa za Kichina za Penang, na ndoa hizo zilifanya kazi ambayo leo inafanywa na dhamana ya benki: nani atakukopesha, nani atakuuzia mchele kwa mali kauli, nani atakuwa mbia wako katika zabuni ijayo.

Hapa kuna somo la kwanza kwa mwenye biashara ndogo. Khaw hakuchanganya mahali pa kupatia fedha na mahali pa kuhifadhia fedha. Kibali kilikuwa katika nchi moja, na sehemu ya mali ikakaa kwingine, mahali ambapo mtoa kibali hakuwa na amri.

Alifariki mwaka 1882, akazikwa Ranong. Kaburi lake, lenye sanamu za mawe za watu na wanyama kwa desturi ya Kichina, bado lipo na hutembelewa.

WANA WAGAWANA MIJI

Biashara nyingi hufa na mwenyewe. Ya Khaw haikufa, kwa sababu wana walikuwa wamepangiwa kazi mapema. Sim Kong alirithi ugavana wa Ranong. Sim Tek alipata Lang Suan, upande wa pili wa rasi. Sim Khim alishika Kra Buri, kaskazini ya Ranong. Mdogo wao Sim Bee, aliyezaliwa mwaka 1857, naye alianzia Kra Buri, akawa gavana wa Trang mwaka 1890, na mwanzoni mwa karne ya 20 akawa kamishna mkuu wa kanda nzima ya Phuket.

Mwaka 1890 huo huo Mfalme Chulalongkorn alikwenda mwenyewe Ranong. Kwa ukoo uliotokana na mlima mboga, mfalme kufika mlangoni ilikuwa heshima kubwa.

Sim Bee ndiye anayekumbukwa zaidi na Wathai. Alihamishia makao ya Trang katika bandari ya Kantang mwaka 1893, akajenga barabara, akasimamia kilimo. Yeye hutajwa kuwa ndiye aliyeleta miche ya mpira Trang kutoka upande wa Malaya, karibu na mwaka 1900. Zao hilo lilienea kusini kote, na Thailand baadaye ikawa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani wa mpira wa asili. Sanamu yake imesimama Trang.

Zingatia tofauti kati ya mti wa mpira na kodi ya bati. Mti ukishapandwa ni wa mwenye shamba, uwe na gavana rafiki au usiwe naye. Kodi ni ya mwenye kibali hadi siku kibali kinapokwisha.

KARATASI ZAANZA KUFUTWA

Na siku hiyo ilikuwa ikikaribia. Mwaka 1892 Mfalme Chulalongkorn alianza kupanga upya serikali. Wizara ya Mambo ya Ndani chini ya Mwanamfalme Damrong ilianza kuweka mikoani maofisa wa kulipwa mshahara badala ya koo za magavana wa kurithishana. Kadiri makarani walivyoongezeka, haja ya wakodishaji ilipungua, kwa maana faida ya mkodishaji ni fedha ambayo serikali inaweza kuichukua yenyewe ikiwa na watu wa kuikusanya.

Kodi zikaanza kurudi serikalini moja baada ya nyingine. Afyuni nayo ikachukuliwa. Upande wa Waingereza ilikuwa vivyo hivyo: mwaka 1910 serikali ya Singapore na Penang ilimaliza ukodishaji wa afyuni na kuweka idara yake. Ndani ya muda mfupi milango iliyokuwa ikiingiza fedha taslimu kila mwezi ilifungwa pande zote mbili za mpaka.

Kitu cha kuangalia hapa ni kwamba hakuna aliyewachukia akina Khaw. Mfalme aliwaheshimu, na Sim Bee alikuwa miongoni mwa watumishi wake wakubwa kusini. Kibali kilifutwa kwa sababu serikali ilikuwa imekua. Wafanyabiashara wengi hujilinda dhidi ya ofisa mwenye chuki, wakasahau kujilinda dhidi ya ofisa mwenye akili.

KAMPUNI TATU KWA MIAKA MIWILI

Ukoo uliliona jambo hilo. Katika mwaka 1906 na 1907, wakiwa na wenzao wa Penang, waliingia katika kampuni tatu za hisa zilizobeba mnyororo mzima wa bati.

Ya kwanza ilikuwa Tongkah Harbour, ya uchimbaji. Nahodha mmoja wa Tasmania, Edward Miles, alikuwa na wazo la kutumia mtambo unaoelea wenye mnyororo wa ndoo, kuchota mchanga wenye madini chini ya bahari katika bandari ya Phuket. Kampuni iliandikishwa Australia mwaka 1906, na mwaka 1907 mtambo ukaanza kazi. Ulikuwa wa kwanza wa aina yake kuchimba bati katika eneo hilo la Asia. Kazi ya mamia ya vibarua wenye vikapu sasa ilifanywa na mashine na watu wachache.

Ya pili ilikuwa Eastern Smelting, ya kuyeyusha madini, iliyochukua kiwanda kilichokuwepo Penang mwaka 1907. Ya tatu ilikuwa Eastern Shipping, ya mwaka huo huo, iliyounganisha meli za Koe Guan na za wafanyabiashara wengine kuwa kundi moja lililohudumia pwani kati ya Penang, Siam na Burma.

Ukitazama karatasini, mpango ulikuwa mzuri sana. Bati linachimbwa na kampuni yako, linabebwa na meli yako, linayeyushwa na tanuri lako. Bei ya madini ghafi ikishuka, mwenye tanuri anapata nafuu. Nauli ikipanda, mwenye meli anafaidi. Ni ile ile hesabu ya mzee ya kodi na duka, safari hii ikiwa imeandikishwa kwa sheria ya makampuni na kugawanywa katika hisa.

KWA NINI ZILIWATOKA

Lakini angalia tarehe. Kibali cha kwanza kilikuwa cha 1844. Kampuni hizi ni za 1906 na 1907. Miaka 62 ilipita kati ya karatasi na mali ya kudumu ya viwandani.

Katika muda huo wengine hawakulala. Kampuni ya Kizungu ya Straits Trading ilianza kuyeyusha bati mwaka 1887, miaka 20 kabla ya Eastern Smelting. Straits Steamship, ya meli, ilianzishwa Singapore mwaka 1890. Akina Khaw walipofika sokoni na kampuni zao, walikuta wenzao wana wateja, wana mabenki nyuma yao, na wana uzoefu wa miongo miwili.

Tatizo la pili lilikuwa ukubwa wa mtaji. Jembe na kikapu unaweza kuvinunua peke yako, ukamiliki machimbo yote mia kwa mia. Mtambo wa kuchimba baharini unahitaji fedha za watu wengi, na mwenye kuleta fedha anataka kiti katika bodi. Ukoo uliozoea kumiliki kila kitu sasa ulimiliki sehemu, tena katika kampuni zilizoandikishwa mbali.

Tatizo la tatu ndilo linalopaswa kumhangaisha mwekezaji mdogo. Eneo la Tongkah Harbour lilipatikana wakati Sim Bee akiwa kamishna mkuu wa Phuket, huku jamaa zake wakiwa na maslahi katika kampuni hiyo hiyo. Leo tungesema ni mgongano wa maslahi. Kwa mnunuzi wa hisa wa siku hizo pengine ilionekana ni sifa: kampuni ina mtu mkubwa serikalini. Lakini sifa ya namna hiyo ina pumzi ya binadamu mmoja. Mwaka 1913 Sim Bee alipigwa risasi huko Kantang, akafariki Penang mwaka huo huo. Ukoo haukupata tena kiti chenye nguvu kama hicho kusini.

Matokeo yalikuja kwa hatua. Eastern Smelting iliuzwa kwa wenye mitaji wa Kiingereza mwaka 1911, miaka minne tu tangu ianze. Eastern Shipping ilinunuliwa na Straits Steamship mwaka 1922. Uchimbaji wa mitambo ukazidi kuwa wa makampuni ya kigeni. Ule mnyororo mzuri ulikatika pete moja baada ya nyingine.

Wapo watakaosema kwamba hakuna Mchina wala Msiam ambaye angeshindana na mtaji wa London wakati wa ukoloni. Hoja hiyo ina uzito, na hatuipuuzi. Hata hivyo kuna tofauti kati ya kuuza ukiwa wa kwanza sokoni, na kuuza ukiwa umeingia juzi. Miaka ya 1860 na 1870, kodi na duka vilipokuwa vikileta faida na washindani wa Kizungu hawajajenga matanuri, ndiyo ilikuwa saa ya kugeuza karatasi kuwa mtambo. Saa hiyo ilipita huku kibali kikionekana kama hakitakwisha.

KILICHOBAKI

Je, ukoo ulifilisika? La. Mwaka 1913 Siam ilitunga sheria ya kumtaka kila mtu awe na jina la ukoo, na kizazi cha Khaw kikapewa jina la Na Ranong, maana yake "wa Ranong". Wajukuu walisoma, wakaingia katika utumishi wa serikali na biashara. Kittiratt Na-Ranong, wa kizazi hicho hicho, aliongoza Soko la Hisa la Thailand kuanzia 2001 hadi 2005, kisha akawa waziri wa biashara, na mwaka 2012 akawa waziri wa fedha. Babu alilipa kodi ya kukodi kwa mfalme, mjukuu akakalia kiti cha hazina.

Kwa hiyo hesabu ya mwisho ina pande mbili. Elimu, jina jema na uhusiano wa kifamilia vilidumu kwa zaidi ya miaka 150. Vibali vya kodi viliisha vyote. Kampuni zilizoanzishwa kwa kuchelewa zilichukuliwa. Mpira uliopandwa Trang bado unagemwa.

MAZOEZI KWA MSOMAJI

Chukua daftari lako, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Kama una biashara inayotegemea kibali, zabuni au uwakala, andika majibu ya maswali haya.

Moja: kati ya kila shilingi 100 za faida yako ya mwaka jana, ngapi zingepotea kama kibali kingefutwa kesho asubuhi? Kama ni zaidi ya 50, wewe bado ni mkodishaji.

Mbili: faida hiyo imekwenda wapi? Kama imeingia katika kugombea kibali kingine cha aina ile ile, hujapunguza hatari, umeiongeza. Kama imenunua kiwanja, mashine, shamba au hisa katika biashara ya namna nyingine, umeanza kuvuka.

Tatu: bei ya bidhaa unayoitegemea ikishuka kwa robo, nani anabeba hasara? Soma mkataba tena. Khaw alijua tangu mwanzo kwamba ni yeye, ndiyo maana alikuwa na duka.

Nne: nani atashika kazi yako? Mzee wa Ranong aliwapa wanawe miji tofauti na kazi tofauti, wakajifunza yeye akiwa hai. Mtoto anayeanza kusoma mikataba siku ya arobaini ya baba amechelewa.

Kwa mwekezaji mdogo anayetaka kununua hisa, kuna swali moja kubwa zaidi. Ukisoma taarifa ya kampuni usitazame gawio pekee. Tafuta leseni inayoleta faida hiyo, tarehe yake ya kwisha, na jina la mtu ambaye bila yeye isingepatikana. Kisha tafuta kiasi cha faida ambacho kampuni inakiwekeza kila mwaka katika kitu kingine. Gawio nono kutoka katika leseni iliyobakiza miaka mitano, bila akiba yoyote ya kujenga, ni mtaji wako mwenyewe unaorudishiwa kidogo kidogo ukidhani ni faida.

Khaw Soo Cheang alipata kibali chake akiwa na umri wa miaka 47 na aliishi hadi miaka 85. Alikuwa na karibu miaka 40 ya kujenga, na alijenga mengi. Wafanyabiashara wengi wa leo wana kibali cha mwaka mmoja.